Upofu unaopasuliwa na upofu usiopasuliwa



Tangu tuanze kuzungumza juu ya afya ya jamaa katika ukurasa huu, swali moja linarudi. Mara ya mwisho liliulizwa na mama mkubwa mmoja mbele ya wote, mwisho wa mkutano. Jirani yake alipasuliwa jicho, bandeji ikatolewa kesho yake, akawatambua wajukuu. Yeye alipokwenda kwa munganga yule yule aliambiwa kwamba hakuna cha kupasua. Wote wawili ni wazee wa rika moja, wote wawili walikuwa wanashikwa mkono kwenda chooni. Kwa nini mmoja apone na mwingine arudishwe nyumbani? Nyuma yangu nilisikia wengine wakinong'ona: munganga alitaka pesa, ao kuna mkono wa mtu.

Hapana, wamama. Jibu liko ndani ya jicho lenyewe. Ili nilieleze vizuri nitapitia katika kazi ya munganga mmoja Muingereza, Harold Ridley, aliyezaliwa mwaka wa 1906 na kufa mwaka wa 2001. Namchagua kwa sababu alikutana uso kwa uso na upofu wa namna zote mbili, ule wa jirani na ule wa mama mkubwa wetu. Tena jina lake limefungwa pamoja na mto mmoja wa inchi yetu, Sankuru.

Kwanza tuelewane juu ya jicho. Nikifundisha somo hili katika kilasi ya sita, nachora nyumba yenye dirisha moja tu. Mbele kabisa kuna kioo cha dirisha, safi, kisicho na mshipa wa damu hata mmoja: hiyo inaitwa konea. Mwangalie mtoto wako kwa upande wakati anatazama mbali, utaiona imevimba kidogo kama kioo cha saa. Nyuma yake kuna tundu jeusi, mboni. Nyuma ya mboni kuna lenzi, kitu kidogo kama punje ya maharagi, nacho pia ni safi kama maji, kazi yake kukusanya mwanga. Mwisho, kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba, kuna retina, utando mwembamba unaopokea picha na kuituma kwenye ubongo kupitia mshipa wa fahamu. Kwa hiyo mtu anaweza kupofuka mbele, kati, ao nyuma. Kwa nje tunasema tu "amepofuka", lakini kwa munganga hayo ni magonjwa matatu mbalimbali.

Sasa tuende Sankuru. Mwanzo wa miaka ya 1930, munganga Mbelgiji jina lake Jean Hissette alikuwa anafanya kazi ya macho katika Kongo ya wakati wa ukoloni. Kandokando ya mto Sankuru, huko Kasai, alikuta vijiji ambamo vipofu walikuwa wengi kupita kawaida. Hawakuwa wazee peke yao, hata watu wa umri wa kulima na kuvua samaki walikuwa wanaongozwa kwa fimbo. Hissette aliwachunguza, akaunganisha upofu ule na mnyoo wa filaria unaokaa chini ya ngozi, na mwaka wa 1932 akaandika hivyo katika gazeti la wanganga wa Ubelgiji. Upofu wa mnyoo huo ulikuwa umekwisha kujulikana Guatemala, mbali kule Amerika, lakini kwa Afrika hilo lilikuwa jambo jipya. Mwaka wa 1934 kikundi cha wanganga wa chuo kikuu cha Harvard, Marekani, wakiongozwa na Richard Strong, walikuja mpaka Kongo kuhakikisha. Waliona kwamba Hissette alisema kweli.

Ugonjwa huo ndio tunaouita upofu wa mito, na wanganga wanauita onkoserkozi. Unaletwa na usubi, yule nzi mdogo mweusi mwenye mgongo wa kibyongo, anayezaa mayai mahali maji ya mto yanapokimbia sana juu ya mawe. Hapendi maji yaliyotulia kama mbuu. Akimuma mtu mwenye mnyoo, anabeba watoto wa mnyoo, na akimuma mwingine anamwachia. Minyoo mikubwa inajifunga chini ya ngozi ndani ya vinundu, mara nyingi kwenye nyonga, kwenye mbavu, wakati mwingine kwenye kichwa, na inaweza kuishi humo zaidi ya miaka 10. Hiyo mikubwa haiui jicho. Jike linazaa watoto wadogo mno wasioonekana kwa macho, na hao wanatembea ndani ya ngozi ya mwili mzima. Ndiyo maana mtu anajikuna usiku na mchana mpaka ngozi inakuwa ngumu kama ya mjusi, ao inapoteza rangi kwenye miguu na kuwa na madoa kama ya chui. Wengine wanafika ndani ya jicho. Wanapokufa humo, mwili unapigana na maiti zao, na pigano hilo ndilo linaloharibu jicho, kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka. Mbele, konea inakuwa nyeupe kama kioo kilichopakwa chokaa. Nyuma, retina inakauka na mshipa wa fahamu unakufa.

Ridley aliingia katika jambo hili kwa sababu ya vita. Alikuwa munganga wa macho huko London, na mwaka wa 1941 jeshi la Uingereza lilimtuma Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Wengine wangemaliza muda wao wakitibu askari tu. Yeye alikwenda mpaka kaskazini, kijiji cha Funsi, mahali ambapo upofu wa mito ulikuwa umeshika watu, akawapima na kuangalia ndani ya macho yao kwa chombo chenye mwanga. Mwaka wa 1945 alitoa kitabu kidogo juu ya kazi hiyo, na ndani yake alieleza kwa makini sura ya retina iliyoharibiwa. Hissette alikuwa ameona jambo lile lile Kongo. Mpaka leo vitabu vya macho vinaita alama hiyo ya nyuma ya jicho kwa majina yao mawili, Hissette na Ridley. (Huko huko Gold Coast aliandika pia juu ya jicho lililotemewa sumu na nyoka. Wale wanaolima karibu na pori wanajua habari hiyo: ni kuosha kwa maji safi mengi, palepale, kisha kwenda hospitali. Si mkojo, si majani.)

Tuangalie hapo. Ridley alikuwa mpasuaji, mkono wake ulijua kisu. Lakini mbele ya mtu ambaye retina yake imekufa, kisu hakina kazi. Retina ni kama kipande cha ubongo kilichotandikwa ndani ya jicho. Ikifa kwa namna hiyo hairudi, na hakuna munganga wa London, wa Bruxelles ao wa Kinshasa anayeweza kuweka nyingine. Nisidanganye, yako magonjwa ya retina yanayotengenezeka. Kwa mfano ikibanduka ukutani, inaweza kurudishwa kama mgonjwa amewahi. Hayo yalionyeshwa na Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, tangu miaka ya 1920. Lakini kubanduka si kufa. Mama mkubwa wetu aliyerudishwa nyumbani bila kupasuliwa, kufuatana na maneno aliyoambiwa, ana upofu wa nyuma.

Upofu wa jirani yake ulikuwa wa kati, na hapa ndipo Ridley alipogeuza kazi ya macho ya dunia nzima.

Mtu akizeeka, lenzi inaanza kuchafuka kama yai linavyogeuka likipikwa: lilikuwa safi, linakuwa jeupe. Tunasema mtoto wa jicho, na hospitalini wanasema katarakti. Kabla ya Ridley wanganga walijua kutoa lenzi iliyochafuka, na kazi hiyo ilikuwa ya zamani. Shida ilikuwa baada ya kuitoa. Nyumba ilibaki bila lenzi, mwanga unaingia lakini haukusanyiki. Mgonjwa alipewa miwani minene kama kitako cha chupa, inayokuza vitu na kupinda mlango. Miwani ikivunjika ao ikiibiwa, anakuwa kipofu tena siku hiyo hiyo. Fikiri mama wa kijijini ambaye maisha yake yote ya kuona yanategemea vioo viwili juu ya pua, na wajukuu sita wanaocheza ndani ya nyumba.

Mwezi wa nane wa 1940 rubani mmoja Muingereza, Gordon Cleaver, alipigwa risasi akiwa angani. Kifuniko cha ndege yake kilikuwa cha plastiki ngumu iitwayo Perspex, na vipande vyake vilimwingia machoni. Alipasuliwa mara nyingi, na Ridley alikuwa mmoja wa waliomtunza. Jicho moja lilipotea. Katika lile lingine vipande vilibaki, na miaka ikapita bila jicho kuvipinga. Kwa kawaida kitu kigeni kikiingia katika jicho, hata punje ya mchanga, jicho linawaka na kuvimba. Hivyo vilikaa kimya. Ridley aliliona jambo hilo akaliweka moyoni.

Kisha siku moja baada ya vita, mwanafunzi mmoja aliyekuwa anamtazama akitoa lenzi iliyochafuka alimuuliza kwa nini haweki nyingine mahali pake. Mimi kama mwalimu nalipenda sana swali hilo. Ni swali la mtoto wa kilasi ya tatu, ambalo mkubwa anaogopa kuuliza kwa sababu anafikiri wote wanajua jibu. Ridley hakumfukuza. Alikwenda kuzungumza na fundi wa kampuni ya Rayner, iliyokuwa inatengeneza vioo, wakakubaliana kuchonga lenzi ndogo ya Perspex.

Tarehe 29 mwezi wa 11 wa 1949, katika hospitali ya St Thomas' huko London, alipasua mama mmoja mwenye umri wa miaka 45 na kujaribu lenzi hiyo ndani ya jicho lake. Aliirudisha ikabaki moja kwa moja tarehe 8 mwezi wa 2 wa 1950. Je, yule mama aliona vizuri? Aliona, lakini hesabu ya nguvu ya lenzi haikuwa sawa. Ilikuwa na nguvu kupita kiasi, kwa hiyo vitu vya mbali vilibaki na ukungu mpaka avae miwani. Nawaambia hilo makusudi, kwa sababu tunapenda kusimulia mambo ya sayansi kama muujiza. Lenzi ya kwanza ilikuwa nzito, hesabu ilikuwa mbaya, na kwa wagonjwa wengine waliofuata lenzi iliteleza kutoka mahali pake, ikapashwa kutolewa.

Ridley alificha kazi yake karibu miaka miwili. Mwezi wa saba wa 1951 aliionyesha katika mkutano wa wanganga wa macho huko Oxford, akiwa amewaleta wagonjwa wenyewe ili kila mtu aangalie. Stewart Duke-Elder, aliyekuwa mkubwa wa wanganga wa macho wa Uingereza kwa wakati ule, alikataa hata kuwaangalia. Wengi walisema ni wazimu: munganga anafundishwa kutoa kitu kigeni ndani ya jicho, huyu anakiingiza! Tuwe wenye haki kidogo, woga wao haukuwa wa bure. Nimekwisha kusema kwamba lenzi nyingine ziliteleza. Lakini kukataa kuangalia mgonjwa aliyeketi mbele yako, hilo mimi silielewi. Upinzani uliendelea miaka mingi. Marekani serikali haikukubali rasmi lenzi hizo mpaka mwaka wa 1981, wakati Ridley alikuwa amekwisha kuacha kazi miaka 10. Heshima ilimfikia akiwa mzee. Mwaka wa 1986 aliingizwa katika chama kikubwa cha wanasayansi wa Uingereza, na mwaka wa 2000, akiwa na miaka 93, Malkia alimpa cheo cha Sir. Kabla ya hapo naye alikuwa ameshikwa na mtoto wa jicho, akapasuliwa katika hospitali yake ya zamani, akawekewa lenzi alizozivumbua yeye.

Lakini lenzi ya London ingebaki ya London kama bei isingeshuka. Tangu mwaka wa 1992, kiwanda cha Aurolab katika mji wa Madurai, India, kilianza kuzitengeneza kwa bei ndogo sana kwa ajili ya maskini, na viwanda vingine vikafuata njia hiyo. Ndiyo maana leo kundi la wanganga wa macho likipita katika muji wetu kwa wiki moja, linaweza kupasua watu wengi na kuwawekea lenzi, kila mmoja kwa muda mfupi kuliko wa kuivisha sombe. Jirani wa mama mkubwa alipata faida ya swali la yule mwanafunzi.

Sasa mambo ya nyumbani kwetu. Ukiwa na mzee asiyeona, angalia mboni yake mchana. Kama tundu lililopashwa kuwa jeusi limekuwa jeupe ao la kijivu, kama macho yalipungua polepole bila maumivu, na kama bado anatambua mwanga wa tochi unatoka upande gani, inawezekana sana ni mtoto wa jicho. Huyo apelekwe. Asiseme "mimi ni mzee, niacheni", wala ninyi msiseme hivyo kwa ajili yake. Munganga ataanza kwa kumwonyesha mwanga kutoka kulia, kushoto, juu na chini. Wengi wanafikiri anapoteza wakati. Anatafuta kujua kama ukuta wa nyuma ungali hai, kwa sababu kuweka lenzi mpya mbele ya retina iliyokufa ni kama kusafisha kioo cha dirisha la nyumba isiyo na mtu. Mgonjwa angelipa, angeumia, na asingeona. Munganga anayekwambia "sipasui" baada ya kipimo hicho amekuhurumia.

Kama mboni ni nyeusi safi lakini mtu haoni, ao anaanza kugonga vitu vya pembeni kama anayetazama ndani ya bomba, ao usiku ukiingia haoni kabisa, shida labda iko nyuma. Huyo apimwe haraka, kuliko hata yule wa mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho mara nyingi unaweza kumngojea munganga miezi michache. Retina haingoji. Wamama wenye ugonjwa wa sukari wasikie hapo pia, sukari inakula retina bila kutoa taarifa.

Na mboni nyeupe kwa mtoto mdogo? Hapo usingoje hata wiki. Pengine ni mtoto wa jicho wa kuzaliwa, unaopasuliwa, na ukikawia ubongo wa mtoto unakosa kujifunza kuona. Pengine ni kansa ya retina, inayoanzia kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Alama yake ya kwanza inaweza kuwa mwangaza mweupe ndani ya mboni, kama jicho la paka usiku, wakati mwingine mama anauona kwanza kwenye picha ya simu. Ikikutwa mapema, mtoto anaweza kuokolewa, hata kama jicho litatolewa. Ikiachwa, inapanda kwenye ubongo. Najua namna tunavyozunguka na mtoto wa hivyo kutoka maombi kwenda kwa mwenye majani. Ombeni, lakini mkiwa njiani kwenda hospitali.

Nimesema kidogo juu ya upofu wa mbele. Konea iliyoharibika inaweza kubadilishwa na konea ya mtu mwingine. Munganga Eduard Zirm aliweza hilo tarehe 7 mwezi wa 12 wa 1905, katika mji wa Olomouc, uliokuwa wakati ule ndani ya Austria. Mgonjwa alikuwa kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa, na konea ilitoka katika jicho la mvulana wa miaka 11 ambalo halikuweza kuokolewa tena. Ni kazi nzuri sana, lakini leo inahitaji konea ya mtu aliyekufa, itolewe upesi, itunzwe vizuri, na mpasuaji mwenye vyombo. Kwa wengi wetu ni safari ya mbali mno. Kwa hiyo konea ya mtoto wako ilindwe nyumbani: chanjo ya surua kwa wakati wake, matone ya vitamini A wakati yanagawiwa, mboga ya majani, papai, na mawese mekundu yasiyounguzwa. Wale wenye desturi ya kuchemsha mawese mpaka yawe meupe, mnatupa dawa ya macho na kubakiza mafuta tu. Na jicho jekundu halipakwi maji ya majani yaliyotafunwa, hata kama shangazi anasema kwao wanafanya hivyo.

Narudi kwenye mto, kwa sababu huko ndiko tunakoweza kuzuia upofu usiopasuliwa. Hissette na Ridley hawakuwa na dawa nzuri ya kumpa mgonjwa wa onkoserkozi. Sisi tunayo. Kutoka bakteria ya udongo wa Japani, Satoshi Ōmura na William Campbell walipata dawa iliyozaa ivermectin, ile mnayoijua kwa jina la Mectizan. Tangu mwaka wa 1987 kampuni ya Merck inaitoa bure kwa ugonjwa huu, na wawili hao walipewa zawadi ya Nobel mwaka wa 2015. Dawa inaua watoto wa mnyoo na kumzuia jike asizae kwa miezi. Mnyoo mkubwa wenyewe haufi, ndiyo sababu inanywewa kila mwaka, miaka mingi, mpaka ile mikubwa izeeke na kufa yenyewe. Mtu anayesema "nilikunywa mwaka juzi, inatosha" hajaelewa.

Wasambazaji wanapima urefu wako kwa fimbo yenye alama na kukupa kidonge kimoja mpaka vinne. Mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi, mgonjwa sana hapewi. Na mkiwa mnaishi karibu na pori kubwa, kama umewahi kuona mnyoo ukipita juu ya jicho lako ao la mtu wa nyumbani, mwambie msambazaji kabla ya kumeza. Hiyo ni filaria nyingine, Loa loa, na mwenye nayo nyingi anaweza kuugua vibaya akinywa dawa hii bila kuangaliwa na munganga.

Mama mwenye mimba naye hapewi, wala mama anayenyonyesha katika juma la kwanza baada ya kuzaa. Kanuni hiyo ni sawa, siipingi. Lakini tuhesabu pamoja. Wasambazaji wanapita mara moja kwa mwaka. Mwaka huu wanakukuta umezaa juzi, wanaruka jina lako. Mwaka ujao una mimba, wanaruka tena. Mwaka wa tatu uko shambani, wa nne una mimba nyingine. Mume amekunywa mara nne, watoto wakubwa mara nne, na wewe hata mara moja, wewe unayeshinda mtoni ukifua na kuchota maji mahali usubi anapouma. Kwa hesabu hiyo, jicho linaloweza kukauka nyuma katika nyumba yenu ni la mama.

Basi msiache jina lipotee. Ukirukwa sababu ya mimba, mwombe msambazaji aandike katika daftari lake sababu na mwezi unaotazamia kuzaa. Ukirukwa sababu umezaa juzi, usingoje mwaka: juma la kwanza likipita, mtafute yeye ao nenda kwenye kituo cha afya kilichompa dawa, uulize kama vidonge vimebaki, kwa maana wakati wa kunyonyesha baada ya juma hilo unaruhusiwa kunywa. Wakuu wa vikundi vyetu vya kartie wanaweza kukusanya majina ya wamama waliorukwa mwaka huu na kuyapeleka pamoja kwa munganga mkuu wa kituo. Jina moja linasahauliwa upesi, lakini orodha ya wamama 20 anaipokea na kuhesabu vidonge.